Mashua Zilizosafiri Nchi Kavu

Katika nchi ya Uingereza iko desturi moja ambayo kwetu sisi tukaao Unyamwezi ni ngeni kabisa. Siku za joto, watu wenye nafasi huacha nyumba zao na kwenda kukaa majini juma zima au majuma mawili. Hawaendi kuvua samaki, wala hawavuki mto ili wakafanye shughuli ng'ambo. Hukodi mashua ndefu nyembamba yenye vitanda na jiko ndani yake, wakaiendesha polepole katika mifereji na mito, wakitazama mashamba na ng'ombe na minara ya makanisa ya vijijini. Jioni huifunga kwa kamba ukingoni, karibu na nyumba iuzayo bia na chakula, wakaingia humo kuzungumza na wenyeji. Asubuhi hufungua kamba wakaendelea na safari isiyo na haraka. Sheria ya mifereji haiwaruhusu kupita mwendo wa maili 4 kwa saa, nao hawaoni udhia, maana huko kwenda polepole ndiko walikokufuata.

Mtu wa Tabora akisikia hayo huenda akacheka, akasema ni mambo ya watu waliokosa kazi. Asihukumu upesi. Habari ya mashua za starehe ina mkono wake mmoja hapa kwetu, katika njia ile kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaishia Ujiji. Nayo, huko Uingereza na huku kwetu, ilikuwa habari ya jasho kabla haijawa habari ya starehe.

Mifereji ile haikuchimbwa kwa ajili ya matembezi. Mwaka 1761 mkuu mmoja, Duke wa Bridgewater, alifungua mfereji kutoka machimbo yake ya makaa ya mawe huko Worsley kuelekea mji wa Manchester. Kabla ya hapo makaa yalichukuliwa juu ya migongo ya farasi katika njia zenye matope. Baada ya hapo farasi mmoja, akitembea ukingoni na kuvuta kamba, aliweza kukokota chombo chenye tani 25 na zaidi. Bei ya makaa mjini ikashuka sana. Matajiri wengine wakaiga, hata baada ya miaka 70 nchi ile ilikuwa imekatwa na mifereji pande zote. Mahali penye mwinuko walijenga malango mawili. Chombo kikaingia kati yake, malango yakafungwa, maji yakaongezwa au yakapunguzwa, nacho chombo kikapanda au kikashuka kama mtu apandaye ngazi.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kama tufanyavyo darasani. Tani 25 za Kiingereza ni ratili 56,000. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kadiri ya frasila 2, yaani ratili 70. Gawanya, utapata 800. Basi farasi mmoja na mtu wa kumwongoza, pamoja na mwingine wa kushika usukani, walifanya kazi ambayo katika njia yetu ilitaka mabega ya watu 800. Nchi yetu haikukosa watu wenye nguvu, wala wenye akili ya biashara. Ilikosa maji yaendayo upande ule biashara ilikokwenda. Na wanyama ambao wangaliweza kubeba badala ya watu waliuawa na mbung'o njiani.

Nyumba za bia zilizo kando ya mifereji zilianza siku hizo za makaa. Zilijengwa kwa ajili ya wachukuzi, hasa penye malango, ambapo vyombo vililazimika kungojana. Nazo zilikuwa na banda la farasi nyuma, kwa kuwa mnyama alitaka kula na kulala kama bwana wake. Kisha gari la moshi likaja, likachukua mizigo kwa upesi zaidi. Ujira wa wachukuzi wa majini ukapungua, wengi wao wakawachukua wake na watoto wakakaa nao katika kijumba cha nyuma cha mashua, ambacho upana wake ni futi 7 tu, pamoja na jiko na vyombo. Hapo baba, mama na watoto wao wote walilala, wakapika, wakazaliana. Mwalimu hawezi kuisoma habari hiyo bila kusikia uchungu: mtoto aliye hapa leo na kesho yu maili 20 mbele, atafundishwa na nani? Mtu mmoja, George Smith wa Coalville, alipiga kelele sana juu ya jambo hilo, hata mwaka 1877 Bunge likatoa sheria ya kuandikisha mashua hizo na kuweka kiasi cha watu wawezao kulala ndani yake. Nakuomba msomaji uukumbuke mwaka huo, 1877, kwa kuwa tutakutana nao tena.

Mabadiliko kutoka kazi mpaka starehe yalikuja pole. Mwaka 1944 Tom Rolt alitoa kitabu juu ya safari aliyoifanya na mkewe katika mashua ya namna hiyo; mwaka 1946 yeye na wenziwe wakaunda chama cha kuitetea mifereji isifukiwe; na mwaka 1968 sheria ikakubali kwamba mingi kati yake itunzwe kwa ajili ya matembezi. Wachukuzi walitoweka, nyumba za bia zikabaki.

Sasa tuigeukie njia yetu. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 iliwachukua siku 134 kufika Kazeh, ndiyo Tabora yetu; wakaingia tarehe 7 Novemba. Walikuwa na mashua ya chuma, walakini waliiacha pwani, kwa sababu hawakupata watu wa kutosha wa kuibeba. Walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakiwa wagonjwa wote wawili, walikuwa mbele ya ziwa kubwa bila chombo. Wakaja wakaomba mitumbwi kwa wenyeji, wakalipa bei waliyotajiwa.

Yafaa kusema neno juu ya hao waliobeba. Vitabu vingine huandika kana kwamba kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa mwenye mnyororo shingoni. Watumwa walikuwako, tena wengi, na mateso yao hayana haja ya kupunguzwa wala kupambwa. Lakini Wanyamwezi wengi walibeba kwa hiari yao na kwa ujira, kama walivyofanya baba zao kabla Mwarabu wa kwanza hajajenga tembe Unyanyembe. Walikwenda pwani wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuwekwa ghalani, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Mbele yao alikwenda kirangozi, mwenye kuijua njia. Walijua bei ya mabega yao. Tajiri akiwadhulumu waliweka mizigo chini, na mizigo isiyo na mabega haiendi popote, hata bwana wake akiwa na bunduki 20.

Je, watu hao walikuwa na mahali pa kupumzikia, kama wachukuzi wa Uingereza walivyokuwa na nyumba zao za bia? Naam, walikuwa napo. Burton aliona katika vijiji vya Unyamwezi nyumba iitwayo iwanza, na katika kila kijiji kwa kawaida zilikuwa mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, kila moja upande wake wa kijiji. Katika iwanza ya wanaume watu walikaa mchana kutwa wakizungumza, wakichonga mipini, wakicheza bao, wakivuta tumbaku na kunywa pombe ya mtama. Mgeni apitaye alipata habari za njia hapo: kisima kipi kimekauka, mtemi gani amepandisha hongo. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa dharau kwamba ni nyumba za uvivu. Mimi nadhani hawakufikiri kwamba mtu aliyekaa hapo pengine alikuwa amerudi juzi kutoka Bagamoyo na pembe begani siku mia na zaidi. Mwingereza yuleyule akirudi kwao na kukaa katika nyumba ya bia kando ya mto, hakuandika kwamba ni mvivu.

Mto ulio mkubwa katika njia hiyo, baada ya kuiacha Unyanyembe, ni Malagarasi. Hapo kila msafara ulisimama. Mitumbwi ilikuwa ya magome ya miombo yaliyoshonwa, midogo, yenye kuyumba, ambayo mtu wa pwani aliiogopa kuliko vita. Kivuko kilikuwa na mkuu wake aliyeitwa Mutware, na kupitia kivukoni kulitaka hongo kwanza, kisha ujira wa wapiga kafi, kwa nguo na shanga. Na mara nyingine bei ilibadilika kabla watu wote hawajavuka, nusu wako ng'ambo na nusu wamebaki. Henry Morton Stanley alipovuka hapo Novemba 1871 alibishana sana juu ya malipo, akalipa. Kisha punda wake aliyeitwa Simba, akivutwa kwa kamba majini, akakamatwa na mamba shingoni akazamishwa. Wasafiri walilalamika juu ya hongo hii katika vitabu vyao vyote. Lakini huko kwao vilevile, mwenye mashua alilipa ushuru kwa wenye mfereji apitapo, wala hapana aliyewaita wenye mfereji wanyang'anyi. Watu wa Uvinza walikuwa na mali mbili, chumvi ya chemchemi zao na kivuko chao, wakaziuza zote mbili kwa bei waliyoweza kuipata.

Majuma machache baada ya Simba kuliwa, ilifanyika katika ziwa Tanganyika safari ya majini ambayo kwa namna yake ilikaribia sana starehe ya Waingereza niliyoieleza. Stanley alikuwa amemkuta David Livingstone Ujiji. Wakakubaliana waende kaskazini ya ziwa watazame kama mto Rusizi huingia au hutoka, maana watu wa elimu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu yake. Wakapewa mtumbwi na Said bin Majid, mfanya biashara wa Ujiji, uliochongwa katika gogo moja la mvule. Wakaondoka tarehe 16 Novemba 1871. Wakakaa majini na kando ya maji siku 28. Mchana walikwenda karibu na pwani wakitazama milima na vijiji vya wavuvi, jioni wakapiga hema, wakanywa chai, wakaongea. Walikuta kwamba Rusizi huingia ziwani, nalo neno hilo likakatwa. Wenyewe waliiita safari yao pikiniki, yaani matembezi ya watu waendao kula chakula nje kwa kufurahi. Nami naamini kwa Livingstone, aliyekuwa amechoka na kuugua na kukata tamaa, zilikuwa siku njema kweli.

Lakini ni nani aliyepiga kafi? Wazungu wawili walikaa, na wengine ndio waliofanya kazi, hata usiku, walipotaka kupita mbali na vijiji walivyoviogopa. Kwa hao sidhani kwamba ilikuwa pikiniki. Na katika ziwa hilohilo, miezi ileile, mitumbwi na majahazi ya wafanya biashara yalikuwa yakivusha pembe na watumwa kutoka Manyema kuja Ujiji, na katika vyombo hivyo walikuwamo watu ambao kwao maji yale yalikuwa mwisho wa kuiona nchi yao.

Sasa tumefika kwenye mashua yenyewe niliyotaka kuieleza.

Karibu na London, ukingoni mwa mto Thames, uko mji mdogo uitwao Teddington. Hapo ndipo maji kujaa na kupwa kwa bahari huishia, kwenye malango yaliyojengwa mara ya kwanza mwaka 1811; na kutoka hapo kwenda juu mto ni mtulivu, nao ni mahali ambapo Waingereza wamezoea kupiga makasia kwa kujifurahisha kuliko mahali pengi. Hapo alikaa fundi James Messenger. Ujanani mwake alikuwa bingwa wa mashindano ya makasia katika mto huo, baadaye akawa mjenzi wa mashua. Mwaka 1874 Stanley alimwendea, akamwagizia mashua ya mti wa mwerezi, urefu wake futi 40, upana futi 6, tena iweze kufunguliwa vipande 5 vya futi 8 kila kimoja, ili ibebwe na watu. Akaipa jina Lady Alice, kwa ajili ya Alice Pike, binti wa Marekani aliyekuwa amemposa. (Binti huyo hakungoja, mwaka 1876, mashua yenye jina lake ingali Afrika, alikuwa amekwisha kuolewa na mtu mwingine.)

Mashua ilipofika Unguja ilionekana kuwa vipande vyake ni vizito mno, tena vipana mno kwa njia zetu, ambazo zilikuwa na upana wa mtu mmoja nyuma ya mwenzake. Ikabidi vigawanywe tena. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara ukaondoka Bagamoyo, watu zaidi ya 350, na katikati ya mizigo ya nguo na shanga na nyaya kilikwenda chombo cha mto Thames, kikipanda vilima vya Usagara juu ya mabega. Wachukuzi wake walichaguliwa kati ya wenye nguvu kupita wote, wakapokezana kwa zamu, wakalipwa zaidi ya wenzao. Mzigo wa nguo huweza kugeuzwa begani, huweza kuwekwa kichwani, huweza kuegemezwa mtini mtu apate pumzi. Ubavu wa mashua hauna huruma hiyo. Watu wawili au wanne huufuata mti mmoja, na mmoja akijikwaa wote huanguka. Penye msitu wa miiba watu wenye mashoka walitangulia kuipanua njia, nao wabebaji wakangoja juani, mzigo ukiwa palepale.

Msafara huo haukupita Tabora. Katika Ugogo uliiacha njia kuu ukashika kaskazini kupita Ituru, wakakutana na mvua, njaa, homa na vita. Edward Pocock, kijana aliyelelewa katika kazi ya mashua huko Kent, alikufa njiani Januari 1875. Walipofika Kageyi, ukingoni mwa ziwa Nyanza si mbali na Mwanza, tarehe 27 Februari 1875, watu waliosalia walikuwa chini ya nusu ya wale walioondoka pwani. Waliobaki nyuma ni waliokufa, waliouawa na waliotoroka. Mashua ilikuwa nzima. Nayaandika hayo pamoja kwa makusudi, kwa kuwa katika masimulizi mengi jambo la pili husifiwa sana na la kwanza hupitwa upesi.

Basi vipande vikaunganishwa, na tarehe 8 Machi 1875 Lady Alice ikashushwa majini, ikazunguka Nyanza yote kwa kadiri ya miezi miwili. Ndipo ikafunguliwa tena, ikarudi mabegani. Mwezi wa Aprili 1876, katika nchi ya Unyamwezi, Stanley alikutana na Mirambo mwenyewe huko Serombo, wakachanjiana udugu. Aliyeisimamia chanjo hiyo alikuwa Manwa Sera, mkuu wa watu wa msafara. Mwezi wa Mei wakawa Ujiji. Ziwa Tanganyika likazungukwa kwa siku 51. Kisha mashua ikavushwa kwenda Manyema, ikateremshwa katika mto Kongo.

Mshika usukani wake alikuwa Uledi, mtu wa Unguja. Katika maporomoko ya Kongo alijitupa majini mara nyingi kuwaokoa wenzake waliokuwa wakizama, na wengi walikuwa hai kwa sababu yake. Mwaka 1877, njaa ilipozidi, alikutwa ameiba shanga, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula cha wote. Wenzake wakaitwa wamhukumu, wakasema apigwe. Ndipo ndugu yake Shumari akatoka akasema yu tayari kupigwa badala yake, na jamaa mwingine, Saywa, akataka kuchukua sehemu ya adhabu hiyo. Stanley akamsamehe. Mtu akisoma vitabu vile vikubwa vya safari, vyenye picha na ramani, hapati ukurasa ulio bora kuliko huo. Na ni ukurasa wa wabebaji na wapiga makasia, si wa bwana wao.

Mwisho wa Julai 1877 waliona kwamba hawawezi kuibeba tena. Walikuwa wamebaki mifupa mitupu. Juu ya maporomoko ya Isangila waliivuta Lady Alice juu ya mwamba wakaiacha hapo iharibiwe na jua na mvua. Mwaka uleule Bunge la London lilikuwa likitoa sheria juu ya watoto wa mashua za makaa.

Wengine waliiga kazi ile. Chama cha Misheni cha London kilimtuma Edward Hore, aliyekuwa baharia, ambaye mwaka 1883 alikuwa amekwisha kufikisha Ujiji mashua ya chuma iitwayo Morning Star, vipande vyake vikikokotwa na watu juu ya magari madogo kutoka pwani. Hore alipomleta mkewe, Annie, alimpandisha katika kiti kama vile vilivyotumika Uingereza katika miji ya kuogea na kupunga hewa, wapagazi wakakibeba kwa mti mpaka Ujiji. Wakafika mwanzo wa mwaka 1885, na yule mama akaandika kitabu kidogo juu yake. Kiti cha starehe nacho kikawa mzigo.

Kisha likaja kwetu lile lililokuwa limewajia wachukuzi wa mifereji. Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mpagazi wa mbali, aliyekuwa ameheshimiwa kwao kama baharia aheshimiwavyo pwani, akawa hana kazi. Ijapokuwa vita vya 1914 vilimshika tena, kwa nguvu, na safari hiyo hakuchagua mwenyewe bei ya bega lake. Kwa reli hiyo Wajeremani walileta meli Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku kadiri ya 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Hapo hapakuwa na mabega isipokuwa ya kupakia na kupakua. Tazama tofauti ya miaka 40: mashua ya futi 40 iliua watu, meli ya futi zaidi ya 200 ilipita Tabora juu ya magurudumu.

Thames nao ulituma vyombo mara ya pili. Mwaka 1915 Waingereza walichukua mashua mbili za injini zilizojengwa na Thornycroft huko Twickenham, jirani na Teddington, wakaziita Mimi na Toutou. Zilijaribiwa Thames mwezi wa Juni, zikapelekwa kwa merikebu mpaka Cape Town, zikapita kwa reli, zikavutwa na mitambo na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, na mwezi wa Desemba zikawa ziwani upande wa Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Wajeremani Kingani, na Februari 1916 Mimi ikashiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Wajeremani wakaizamisha Graf von Goetzen kwa mikono yao Julai 1916, si mbali na Kigoma, baada ya kupaka mitambo yake mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Waliotia mafuta hayo walifikiri vema. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina Liemba.

Meli hiyo ilichukua watu wa ziwa kwa miaka mingi, hata ilipowekwa kando kwa matengenezo. Katika miaka ya mwisho ya kazi yake walikuja wageni wa Ulaya waliosafiri ndani yake kwa matembezi tu, wakilala katika vyumba vya juu, jioni wakikaa sitahani na chupa ya bia wakitazama jua likitua nyuma ya milima ya Kongo. Vijiji vingi havikuwa na gati. Liemba ilisimama mbali, ikapiga honi, na mitumbwi ikatoka pwani kwa haraka, kumi au zaidi, ikigombania mlango ulio ubavuni: akina mama wenye magunia ya dagaa, vijana wenye kuku na mananasi, mtu na baiskeli yake, mtoto akipokewa kwa mkono mmoja. Wageni waliinama ukutani wakapiga picha. Honi ikalia tena, na mitumbwi mitupu ikarudi pwani kwa kafi.